Mazishi ya Pili ya Mzee Eliezeri

Habari hii nilipewa na Ruth binti Eliezeri mwenyewe, mwezi wa pili mwaka 2009, tumekaa barazani kwao Mwika tunapukuchua mahindi. Alinisimulia polepole, maana kila alipotaja kitu cha kompyuta nilimsimamisha nikamuuliza ndiyo nini hicho, naye hakuchoka kunijibu. Machache niliongezewa na mama yake, Aikaeli, aliyekuwa ndani akisikiliza zaidi kuliko tulivyodhani.

Mzee Eliezeri alifariki mwaka 2005, masika yakiwa yanaishia. Enzi za uhai wake alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani na kupita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba la kila ukoo. Yeye ndiye aliyesema leo maji ni ya fulani, kesho ni ya fulani, na hakuna aliyebisha, kwa sababu kihamba chake mwenyewe alikiweka mwisho wa zamu.

Alipokufa, kazi ya kumpasha habari mtoto wake wa kwanza, Praygod, alipewa Ruth. Praygod alikuwa Songea akiendesha lori la mbao, na siku hizo hakuwa na simu. Alikuwa ameacha namba ya duka moja la jirani. Ruth akapiga, akaacha maneno kwa mwenye duka, akaamini yamefika. Mwenye duka alikuwa na mambo yake. Kule nyumbani walingoja siku tatu, kisha wazee wakasema marehemu hawezi kungojeshwa zaidi. Wakazika Jumamosi saa nane mchana. Udongo wa kwanza, ambao kwa desturi yetu hutupwa na mtoto wa kwanza wa kiume, ukatupwa na baba mdogo.

Praygod alipata habari Jumatatu. Alipiga simu mara moja tu, akamwambia Ruth, "Mmemzika baba, na mimi mmenizika humo humo." Akakata.

Tangu hapo Krismasi tatu zikapita. Nanyi mnajua Krismasi ya Mchagga ilivyo. Hata aliyefungwa jela hutafuta namna ya kufika nyumbani. Praygod hakufika. Watu wakaendelea kumwita Aikaeli "Mama Praygod", kwa hiyo kila aliyemsalimu alimtajia mtoto asiyekuja. Na kaburi la mzee, pale kati ya migomba, likabaki udongo mtupu. Wenzao walikuwa wakijengea makaburi kwa saruji na vigae. Aikaeli alipanda masale, mmea wetu wa makaburini na wa kuombea msamaha, pande tatu, upande wa miguu akauacha wazi. Akiulizwa saruji lini, alijibu, "Saruji ingoje. Kuna mtu hajaweka udongo wake."

Ruth aliyasikia maneno hayo kila yalipotamkwa. Hakuna aliyemlaumu usoni, na hilo lilimkalia vibaya zaidi.

Mwaka 2008 alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anafanya kazi mjini Moshi kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Alikuwa amesoma mambo hayo chuoni Arusha, na usiku wa shule alijifunza kuandika programu kwa lugha inayoitwa Python. Akanunua kompyuta ya mkononi iliyotumika. Betri yake ilikuwa imekufa, ikichomolewa kwenye umeme inazimika kama koroboi iliyopulizwa. Ndiyo aliyoiweka juu ya meza ya baba yake, akaanza kuujenga mtambo wake.

Mtambo ulikuwa wa chama cha kuzikana. Chama kilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, nusu yao wako Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, na kwingineko walikotupwa na maisha. Ruth alitaka mtu akifariki, katibu aandike mara moja tu, na ujumbe uende kwenye simu ya kila mwanachama saa ile ile, popote alipo. Asiwepo tena mwenye duka wa kukaa na kifo cha mtu mfukoni.

Mama yake alikuja akasimama nyuma yake na sufuria ya ndizi anazomenya. Kwenye skrini kulikuwa na madirisha manne meusi, kila moja na maandishi yake yanayopanda.

"Hivi vinne vyote ni vya nini?" akauliza Aikaeli. "Si ungetengeneza kimoja?"

"Mama, kwani mfongo ni kitu kimoja?"

Aikaeli akaitupa ndizi moja sufuriani. "Hapana. Kuna banio kule juu. Kuna mfereji wenyewe. Kuna nduwa, pale maji yanapokusanyika. Kuna vijimlango vya kuingizia shambani."

"Basi na huu ni hivyo hivyo. Hapa kuna ukurasa, ndipo katibu anapoandika. Hilo ni banio. Hapa kuna ghala la majina na namba, hiyo ni nduwa. Hii ni foleni, ujumbe unapita humo mmoja mmoja usisongamane. Na huyu wa mwisho ni mtumaji, anachukua kwenye foleni anatoa nje kupitia simu hii." Akaonyesha simu ndogo iliyounganishwa na kompyuta kwa waya.

"Na unafungua kipi kwanza?"

"Ghala. Halafu foleni. Halafu mtumaji. Ukurasa mwisho."

Aikaeli akaitikia kwa kichwa taratibu. "Baba yako alikuwa akisema, banio halifunguliwi kabla watu hawajasimama kwenye mashamba yao na majembe. Ukifungua juu na chini hakuna mtu, maji yatalala kitandani kwa jirani."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi kumbe unafanya kazi ya baba yako," akasema, akarudi jikoni.

Ruth akachukua kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu nene: kwanza ghala, pili foleni, tatu mtumaji, nne ukurasa. Akaibandika ukutani. Kuna neno moja ambalo hakuliandika. Mtumaji alikuwa na namna mbili za kuwashwa. Ukimwasha na neno "majaribio" mwishoni mwa amri, aliandika kila ujumbe kwenye faili na kunyamaza, na simu haikuguswa. Usipoweka neno hilo, alikuwa mtumaji wa kweli. Ruth hakuliandika kwenye kalenda kwa sababu vidole vyake vililizoea. Nani huandika ukutani kwamba mlango una kitasa?

Ikawa Alhamisi, mwezi wa tisa, alikuwa na ruhusa ya wiki moja kazini. Vipande vyote vinne vilikuwa vimesimama. Kilichobaki ni kupitisha msiba mzima tangu juu hadi chini, aone kama unafika. Na msiba unahitaji jina la mtu. Ruth akakaa mbele ya fomu ya kwenye ule ukurasa.

"Mama," akaita, "nahitaji marehemu."

Aikaeli akatokea mlangoni akifuta mikono kwa kanga. "Unahitaji nini?"

"Jina la kujaribia. Wenzangu mjini wanaandika jina lolote tu, Fulani wa Fulani."

"Usithubutu. Jina la mtu aliye hai hapo usiliweke."

"Nitatunga."

"Utatunga jina, kumbe lina mwenyewe huko Kibosho anakula zake kiburu. Kifo hakitungiwi mtu, Ruth." Akairudisha kanga begani. "Mwandike baba yako. Yeye ameshatangulia, kumtaja hakumpunguzii siku."

Ruth akaandika: Mzee Eliezeri, Mwika. Akafika kwenye tarehe ya mazishi, akaweka ile ya kweli, ya mwaka 2005. Fomu ikakataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa sheria hiyo, kwamba tarehe iliyopita isikubaliwe, ili asitokee tena mtu wa kutangaziwa mazishi yaliyokwisha. Basi akaweka Jumamosi iliyokuwa mbele, siku mbili tu kutoka hapo. Saa akaacha ile ile ya kweli, saa nane mchana.

Kabla hajabonyeza, umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi.

Ulirudi baada ya nusu saa. Ruth akawasha upya akifuata kalenda yake kama mwanafunzi mwema. Ghala. Foleni. Mtumaji. Ukurasa. Akaandika tena jina la baba yake, akaandika tena Jumamosi saa nane, akabonyeza.

Akatazama dirisha la mtumaji. Mistari ikaanza kupanda. Akaitazama dakika kadhaa, akafurahi, akaanza hata kumwita mama yake. Ndipo jicho lake likaiangukia ile simu ndogo mezani. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa.

Alichomoa waya, akakaa ameushika mkononi. Akasoma ile amri ya mtumaji neno kwa neno. Vidole vilivyozoea, kwa haraka ya umeme, vilikuwa vimefuata kalenda, na kalenda haikuwa na neno "majaribio". Na orodha aliyoijaribia ilikuwa ile ile ya chama, majina yote na namba zote, kwa sababu hakutaka kutunga watu. Ujumbe mia moja arobaini na tatu ulikuwa umeshatoka.

Akashuka na kidole kwenye orodha. Mstari wa thelathini na moja ulisema: Praygod Eliezeri. Umefika.

Mama yake ndiye aliyekuwa amemwandikisha chamani, kwa namba aliyoipata kwa dereva mmoja wa Bomang'ombe. Ruth aliipiga namba hiyo mara nyingi mwaka ule. Haikupokelewa hata mara moja. Sasa, katika miaka mitatu, neno la kwanza la Ruth kumfikia kaka yake lilikuwa hili: kwamba baba yao amefariki.

"Mama," akasema, "nimemuua baba mara ya pili."

Aikaeli akaeleweshwa. Hakukaripia. Aliuliza jambo moja tu. "Na Praygod?"

"Ujumbe umemfikia."

Aikaeli akaketi kwenye kigoda, akaitazama sakafu.

Simu ya Ruth ikaanza kulia. Mmoja wa Tanga aliuliza kama amechanganyikiwa. Mwingine wa Dar alikuwa ameshaomba ruhusa kazini. Haikupita saa moja, jirani yao Yuditha akapita uani na mkungu wa ndizi kichwani.

"Mama Praygod, pole," akasema, akautua. "Nimesoma, nikajiuliza, huyu si ndiye yule tuliyemzika? Nikasema labda kuna Eliezeri mwingine. Lakini mkungu nilikuwa nimeshakata."

"Ni makosa ya mtambo, shangazi," akasema Ruth.

"Mtambo hauna mkono. Ni makosa yako." Akamtazama, sauti ikalegea. "Ndizi siwezi kuzirudisha mgombani. Pikeni."

Mwenyekiti wa chama, Mzee Sirili, alikuja mwenyewe jioni na fimbo yake, shati limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo, mzee," akasema Ruth.

"Marahaba. Binti, chama hiki kina miaka ishirini na sita. Tumezika matajiri, tumezika walevi. Hatujawahi kumzika mtu mara mbili."

"Naomba radhi, mzee. Niliacha neno moja."

"Neno moja." Akalitafuna kama mtu aliyeuma punje ya mchanga kwenye wali. "Basi umetangaza Jumamosi saa nane. Jumamosi saa nane wazee watafika hapa. Utatueleza hilo neno, nasi tutaona kama mtambo huu tunautaka ama tunaendelea na tarumbeta la kanisa."

Jioni hiyo hiyo Ruth aliandika ujumbe wa pili. Alifuta uliobaki kwenye foleni, akawasha vipande vinne kwa utaratibu, safari hii akijua kwamba ni kweli, akarudisha waya kwenye simu. Aliandika: "Tunaomba radhi. Tangazo la leo lilikuwa la majaribio. Mzee Eliezeri alizikwa mwaka 2005. Kosa ni langu, Ruth." Ukaenda kwa wote. Mstari wa thelathini na moja ukasema: umefika. Akampigia kaka yake. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena Ijumaa, ikawa imezimwa kabisa.

"Sasa hatakuja tena," akamwambia mama yake Ijumaa mchana. "Nimemtonesha kidonda, halafu nikamwambia nilikuwa najaribu."

Aikaeli alikuwa anapalilia kando ya kaburi. "Hakuwa anakuja hata hapo kabla," akasema. "Usijipe ukubwa usio wako." Lakini alipalilia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Jumamosi saa tano asubuhi, Ruth akiwa anapanga viti vya wazee, simu ya mama yake ikalia ndani. Aikaeli aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kibuyu. Ruth akasimama mlangoni. Sauti ya upande wa pili ilisikika, nzito, na nyuma yake injini ya basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Injini ikanguruma, kisha sauti ikarudi.

"Mama, nipo Korogwe. Mazishi ni saa ngapi?"

Ruth akaushika mwimo wa mlango. Alimwona mama yake akifumba macho, akifumbua.

"Ni saa nane," akasema Aikaeli. "Lakini tutakungoja."

Wazee walifika saa nane kamili, wanane, na majirani wengine waliokuja kwa udadisi tu, mbele yao Yuditha. Ruth alisimama aanze kueleza. Aikaeli akamzuia kwa mkono.

"Wazee wangu," akasema, "mtambo utaelezwa. Kuna mtu yuko njiani. Ile mara ya kwanza hatukumngoja. Leo naomba tumngoje."

Mzee Sirili akamtazama, akaitazama njia, akalitazama lile kaburi lenye masale pande tatu. Hakuuliza ni nani. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Tuleteeni mbege basi," akasema. "Kungoja na koo kavu ni adhabu, na sisi hatujakosa."

Walingoja hadi saa kumi na nusu. Praygod alipanda mwinuko kwa miguu kutoka stendi, begi dogo begani, amekonda, ndevu zimeanza kuwa na mvi akiwa na miaka arobaini tu. Akawaamkia wazee mmoja mmoja. Akamkumbatia mama yake bila neno. Kisha akasimama mbele ya Ruth.

Ruth alikuwa ameshachuma jani la isale. Alilishika kwa mikono miwili, kama tunavyofanya sisi tukiomba msamaha. Praygod alilitazama lile jani muda mrefu. Kwetu anayeletewa isale hawezi kulipita kama hajaliona. Na yeye alikuwa mtoto wa msimamizi wa mfongo, alijua.

"Ulipata ujumbe wa pili?" hatimaye Ruth akauliza. "Wa radhi?"

"Niliupata."

"Ulijua si kweli."

"Nilijua hata nilipousoma wa kwanza. Baba yangu sikusahau kwamba amekufa." Akaweka begi chini. "Nilikuwa nimekaa chini ya lori natengeneza breki. Nikasoma, Mzee Eliezeri, mazishi Jumamosi saa nane. Nikahesabu siku. Nikaona safari hii nawahi. Jioni ukaja wa pili, nikausoma na huo. Nikafuata wa kwanza."

Akapokea isale.

Wakaenda kaburini. Aikaeli alikuwa ameufukua upande wa miguu kidogo, udongo mwekundu umelala pembeni, mbichi. Hapakuwa na mchungaji wala jeneza. Mzee Sirili, ambaye ni Mkatoliki na marehemu alikuwa Mlutheri, akasema Baba Yetu, na wote wakafuata. Praygod akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa. Akachota tena. Akasimama hapo mabega yakimtikisika, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kisha akalipanda lile isale upande uliokuwa wazi, akalishindilia kwa kiganja.

"Sasa saruji ije," akasema Aikaeli.

Walipokwisha kula, na ndizi za Yuditha ndizo zilizoliwa, Mzee Sirili akakumbuka kilichomleta. Akaingia ndani na fimbo yake, akatazama kompyuta, akatazama kalenda iliyogeuzwa ukutani.

"Neno uliloacha liko wapi?"

Ruth akachukua ile kalamu nene. Mbele ya mzee, penye "tatu mtumaji", akaongeza: "na neno majaribio."

"Na siku ya msiba wa kweli?"

"Katibu ataandika, nawe utausoma ujumbe kabla haujatoka. Nitaweka hivyo, wawili wakubali ndipo mtumaji aende."

"Kama funguo mbili za sanduku la kanisa." Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ule ujumbe ulifika Songea kwa muda gani?"

"Dakika moja, mzee. Haikuzidi."

Mzee Sirili akageuka kuitazama ile simu ndogo. Watu wanasema naye alikuwa na mdogo wake aliyezikwa Mwanza bila yeye kujua. "Basi tunauchukua," akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Jua lilikuwa halijazama vizuri. Praygod aliketi kwenye kiti cha baba yake akasema anapumzika kidogo tu, na kabla hajamaliza kuvua kiatu cha pili alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Aikaeli alimfunika kanga yake, akakaa karibu naye akimtazama hadi giza lilipoingia, kisha akaenda chumbani. Ruth akamsikia akijilaza na kuvuta pumzi ndefu, halafu kimya.

Akabaki Ruth na madirisha yake manne. Akafunga kama baba yake alivyokuwa akifunga maji, banio kwanza ili yaliyomo njiani yafike yanakokwenda. Akafunga ukurasa. Akangoja foleni iishe, akamfunga mtumaji, akaifunga na foleni. Mwisho akalifunga ghala, na majina yote yakiwa salama humo, akachomoa umeme. Akapita kando ya kaka yake kwa vidole vya miguu, akaingia kitandani bila kuwasha taa, akalala.